Ngozi na Ulimi

Katika lugha yetu yako maneno yaliyozaliwa jikoni yakaishia pabaya. Neno mkorogo ni mojawapo. Kukoroga ni kazi ya mwiko: tunakoroga uji, tunakoroga pombe, na fundi naye hukoroga saruji na mchanga. Lakini leo ukilitaja neno hilo sokoni Mwanjelwa mjini Mbeya, au katika maduka ya vipodozi mjini Iringa, hakuna atakayefikiria uji. Mkorogo ni mchanganyiko wa krimu, mafuta na sabuni ambao mtu hujipaka ili ngozi yake nyeusi iwe nyeupe. Zamani watu walichanganya hata sabuni ya unga, dawa ya meno na jiki. Siku hizi muuzaji huchanganya mwenyewe, akautia katika kopo lisilo na jina, na mnunuzi huondoka nalo bila kujua amenunua nini.

Yamesemwa mengi juu ya wanawake wanaojichubua. Wamechekwa mitaani na kuitwa uso wa Fanta, miguu ya Coca-Cola. Wamehubiriwa makanisani na misikitini. Wameambiwa kuwa wao ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi sina haja ya kuongeza kicheko juu ya vicheko hivyo. Nimefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Mbeya nilikozaliwa na baadaye Iringa nilikoolewa, na katika miaka hiyo yote nimefikia jambo moja ambalo napenda kulieleza. Mkorogo hauanzii dukani. Unaanzia mdomoni, na mara nyingi ni mdomo wa mtu anayetupenda.

Hebu tusikilize tunavyosema. Binti mwenye ngozi nyepesi tunamwita cheupe dawa, kana kwamba rangi yake inaponya maradhi. Mwenye rangi ya maji ya kunde tunasema ana rangi nzuri. Mweusi naye tunamsifu, lakini tazama namna ya sifa yenyewe: "Ni mweusi, lakini mzuri." Neno hilo "lakini" ni dogo sana. Hata hivyo mtoto hulisikia, na akishalisikia mara mia moja hahitaji tena tangazo la biashara. Anajua tayari kwamba uzuri wake unaombewa radhi.

Nyumbani kwetu tulizaliwa watoto sita. Dada yangu anayenitangulia alikuwa mweusi kuliko sisi wote, mweusi tii, mwenye meno meupe na shingo ndefu. Bibi yetu mzaa baba, aliyekuwa akitoka Rungwe kuja kukaa nasi kila baada ya mavuno, alimpenda mno. Yeye ndiye aliyemfundisha kusuka mikeka, na usiku walilala kitanda kimoja. Lakini alikuwa na utani wake. Wageni wakija alikuwa akisema kwamba siku ya kumwoza huyu, baba itambidi apunguze ng'ombe mmoja, kwa kuwa hakuna mtu anayelipa bei kamili kwa chungu cha makande. Watu walicheka, na dada naye alicheka. Kwa desturi yetu bibi na mjukuu hutaniana, na hakuna aliyeona ubaya.

Mwaka 1968, mimi nikiwa na umri wa miaka minane, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari Mosi 1969 sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na krimu za kujichubua zilipigwa marufuku kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ni dalili za utumwa wa mawazo. Kampeni yenyewe ilikuwa kali zaidi Dar es Salaam, ambako vijana walisimamisha wanawake barabarani na hata ndani ya mabasi. Habari zake zilitufikia Mbeya, na wazee walizijadili kwa hamu. Nakumbuka jambo moja tu: waliozungumza juu ya uso wa mwanamke walikuwa wengi, na aliyemwuliza mwanamke mwenyewe kwa nini anajipaka sikumsikia.

Dada alipopata kazi ya ukarani miaka ya 1970, katika mshahara wake wa kwanza alimnunulia mama shuka, na yeye mwenyewe akajinunulia kopo la Ambi. Baadaye zikaja siku za uhaba, ambapo hata sabuni ya kufulia ilikuwa ya kupanga foleni. Kisha enzi ya ruksa ikafungua milango katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na bidhaa zikamiminika. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatukuwa mbali na mlango huo. Tunduma, mji wa mpaka na Zambia, wakati huo ulikuwa katika Mkoa wa Mbeya, kabla ya Mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016. Malori yaendayo Kongo na yatokayo huko hupita hapo usiku na mchana. Pamoja na shaba na mafuta zikaja pia krimu zenye majina ya Kifaransa ambayo hatukujua hata kuyatamka. Dada alizijua zote.

Ni vizuri tufahamu vitu hivi ni nini. Haidrokwinoni, dawa iliyo mashuhuri kuliko zote katika krimu hizi, ina historia ya kushangaza. Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama huko Marekani, wafanyakazi, wakiwamo weusi, waliona mikono yao ikitoka mabaka meupe. Chanzo kilikuwa glavu za mpira walizopewa kujikinga, ambazo zilitiwa kemikali ya jamii ya haidrokwinoni ili mpira usichakae. Kwa wafanyakazi wale yalikuwa ni madhara ya kazi. Kwa wafanyabiashara ilikuja kuwa bidhaa. Aitumiaye kwa miaka mingi huweza kupata kinyume cha alichokitafuta: mashavu hugeuka meusi yenye rangi ya samawati, na weusi huo hauondoki kwa urahisi.

Ya pili ni zebaki. Hii huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, lakini haiishii kwenye ngozi. Huingia katika damu, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Dunia iliufahamu ukali wa zebaki kupitia mji wa Minamata nchini Japani, ambako tangu mwaka 1956 ilianza kubainika kuwa watu waliokula samaki wa ghuba yao walikuwa wakipooza na kufa. Mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2013 ulipewa jina la mji huo, na Tanzania nayo imeuridhia. Ndani yake vipodozi vyenye zebaki vilipigwa marufuku.

Ya tatu ni steroidi, ambazo hospitalini hutolewa kwa mgonjwa wa ngozi kwa majuma machache. Mtu akijipaka mwili mzima kwa miaka, ngozi hukonda kama karatasi, michirizi hutokea mapajani na mikononi, na kidonda hukataa kupona. Akiziacha ghafla, uso huvimba na kuwaka moto, naye hurudi dukani mbio akidhani krimu ndiyo iliyokuwa ikimponya. Ndiyo maana aliyekwisha kuzoea hushauriwa aache chini ya uangalizi wa daktari.

Kwetu sisi wa milimani liko jambo jingine. Mbeya na Iringa ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu hutudanganya. Asubuhi tunavaa masweta, ukungu umefunika Loleza, nasi hudhani jua halipo. Kumbe kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia kumi. Weusi wetu ndio mwavuli dhidi ya mionzi hiyo. Mwanamke anayechuma chai Mufindi au kupalilia viazi Umalila, akiwa ameuondoa mwavuli huo kwa fedha yake, anasimama juani siku nzima na ngozi isiyo na kinga. Wapo ndugu zetu wenye ualbino ambao hawakuchagua kuukosa. Kwa ajili yao, kule KCMC mjini Moshi, hutengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga na jua, kwa kuwa saratani ya ngozi huwaua wakiwa bado vijana. Huyu anatafuta kinga kwa machozi, na yule anaitupa.

Mwaka 1996 dada yangu alikuja kwangu Iringa kupasuliwa uvimbe kwenye kizazi. Upasuaji ulifanyika salama. Siku ya sita mshono ukafumuka. Ulishonwa tena, nao ukafumuka tena. Daktari, mtu mpole wa makamo, aliniita pembeni akaniambia kuwa nyuzi zinaikata ngozi ya mgonjwa kama uzi unavyokata karatasi iliyolowa. Aliniuliza ametumia krimu kwa muda gani. Nilihesabu: miaka ishirini na moja. Akatikisa kichwa, wala hakumlaumu.

Kidonda kile kilichukua karibu miezi mitatu kufunga. Nilikuwa nikitoka shuleni napitia wodini kumwosha na kumlisha. Krimu zilikuwa zimekatazwa, na uso wake ukavimba, ukawa mwekundu, ukatoka maji, hata akaomba kioo kiondolewe. Usiku mmoja, wagonjwa wengine wamelala, alinishika mkono.

"Mdogo wangu," akasema, "unajua miaka yote hii nilikuwa nalipa nini?"

Nikamwambia sijui, dada.

"Nilikuwa namlipa baba yule ng'ombe."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikamkumbuka bibi, wageni, na kile chungu cha makande. Bibi alikuwa amekwisha kufariki miaka kumi na sita kabla. Baba mwenyewe alikuwa amepokea mahari kamili, ng'ombe wote, tena mume wa dada hakuwahi kulitaja suala la rangi. Lakini deni lile lilikuwa halimo katika daftari la mtu yeyote isipokuwa moyoni mwa mtoto wa miaka tisa, na huko liliendelea kuzaa riba.

Tangu siku ile nimezitazama sheria zetu kwa jicho jingine. Si kwamba nazidharau. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliunda mamlaka ya kusimamia vitu hivi, na mwaka 2019 kazi ya vipodozi ikahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Tumesikia mara nyingi shehena zikikamatwa na kuteketezwa. Ni jambo jema, na liendelee. Lakini kati ya marufuku ya mwaka 1969 na ya leo imepita zaidi ya nusu karne, na kopo bado linapatikana. Askari wa mpakani anaweza kulifungua lori. Neno alilolisema bibi sebuleni halipiti kwenye kizuizi chochote.

Yuko atakayeniuliza: bibi naye alilitoa wapi? Swali hilo ni la haki. Nilipokuwa nikiwapeleka wanafunzi Kalenga, kilometa kama kumi na tano kutoka Iringa mjini, tulikuwa tukisimama mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa. Yeye alijiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa na Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954 na Gavana Twining, ambaye alilichagua katika jumba la makumbusho la Bremen miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Wanafunzi waliniuliza kila mara: mafuvu mengi hivyo yalikuwa yakifanya nini kule? Yalikusanywa kupimwa. Ulaya ya wakati ule iliamini kwamba binadamu hupangwa kwa rula, nani juu na nani chini. Mtaalamu mmoja wa Berlin, Felix von Luschan, alikuwa na vipande 36 vya kioo vya rangi mbalimbali, kutoka nyeupe hadi nyeusi, vya kuwekwa kando ya ngozi ya mtu ili kusoma namba yake.

Mabwana wale wamekwisha kuondoka, vipimo vyao vikabaki. Nimemwona binti dukani Iringa akishika boksi la krimu lenye picha ya mwanamke, akilisogeza shavuni mbele ya kioo, akilinganisha. Hakuna aliyemlazimisha. Amejipima mwenyewe, na amejikuta na upungufu.

Na sasa kipimo hakiishii kwenye rangi. Yamekuja makalio ya dawa za Mchina, zikaja sindano, na sasa kisu. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilitangaza huduma ya upasuaji wa kurekebisha maumbile: kupunguza mafuta mwilini, kurekebisha matiti na makalio. Sisemi kuwa utaalamu huo ni mbaya. Asili yake ni ya huruma. Katika Vita Kuu ya Kwanza daktari Harold Gillies aliwaundia upya nyuso askari wa Uingereza waliopasuliwa na mizinga. Kwetu huku kwenye baridi, ambako watoto huota moto wa kuni na wengine huuangukia, mtoto ambaye vidole vyake vimeshikana kwa kovu anauhitaji utaalamu huo kuliko mtu yeyote. Tena afadhali mtu apasuliwe na daktari aliyesomea kuliko kuchomwa sindano chumbani kwa mtu. Lakini daktari huweza kulifikia kovu la moto akalifungua. Kovu la neno "lakini" liko wapi, hata alipasue? Aliyeongeza hiki kesho atatamani kile, kwa kuwa aliyemwambia kwamba amepungua bado anasema, na siku hizi anasema ndani ya simu, usiku kucha, kwa picha zilizosafishwa ambazo hata wenye sura hizo hawafanani nazo.

Mwaka juzi mjukuu wa dada alikuwa akiolewa, na sendofu ilifanyika Mbeya. Miezi miwili kabla alinipigia simu. Alianza kwa salamu ndefu, nikajua kuna jambo.

"Bibi, naomba unichangie laki moja na nusu. Kuna seti ya kung'arisha, wenzangu wote wametumia. Picha zitakaa milele, bibi."

Nilimwuliza kama mchumba wake amelalamika. Akasema hapana. Nikamwuliza nani basi amelalamika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hakuna, bibi. Ila najijua."

Najijua! Neno hilo lilinichoma. Nilimpa fedha aliyoitaka, kwa sharti kwamba amtafute mpiga picha anayejua kupiga watu weusi. Nilimweleza kuwa hata kamera zina historia yake: kwa miaka mingi Kodak walipatanisha rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na ndiyo sababu katika picha zetu za zamani tunaonekana kama macho na meno tu. Kosa lilikuwa la mtambo, wala si la uso. Kisha nikamwambia amwendee bibi yake mwenyewe, amwombe amwonyeshe tumbo.

Alikwenda. Dada, ambaye kwa miaka mingi hakulionyesha kovu lile hata kwa binti zake, alifungua khanga. Mficha maradhi kifo humfichua, nao wazee wetu waliosema hivyo hawakukosea. Siku ya sherehe mpambaji alimpaka binti poda nyepesi kuliko rangi yake kwa daraja mbili hivi, nami nikanyamaza, maana poda hunawika. Picha zilitoka nzuri.

Mwaka jana binti huyo alijifungua mtoto wa kike. Tulikwenda kumwona, kama ilivyo ada, na sabuni na khanga. Ndugu msomaji, bila shaka unaijua desturi yetu. Mtoto mchanga huzaliwa na rangi nyepesi, na wanawake wakija kumpokea hufunua kofia na kutazama ncha ya sikio na mizizi ya kucha, kwani huko ndiko rangi yake ya baadaye huanza kuonekana. Mtoto hajafikisha hata juma moja, hajapewa jina, lakini amekwisha kupimwa. Sikio likiwa jeusi mtu husema, "Aa, huyu atakuwa mweusi," kwa sauti ile ya kutoa pole.

Jirani mmoja mwenye nia njema aliinama, akanyoosha kidole kuifunua ile kofia ya sufi. Dada alikuwa amempakata mtoto. Ana miaka karibu sabini sasa; mashavu yake yana mabaka ambayo hayatoki, na vifundo vya vidole vyake ni vyeusi kuliko sehemu nyingine za mikono, alama ambayo kila mwanamke wa kizazi chetu anaielewa. Aliushika mkono wa jirani taratibu, bila hasira, akaushusha.

"Mama, sikio hili la kusikia," akasema. "Tuangalie tutakalolitia humo."